Uso wa Kazi

Wako watu huko nje wanaosema nchi yetu haina intaneti. Huo ni uzushi, na unaniudhi. Intaneti tunayo, tena nzuri, imetunzwa kwenye ofisi za serikali ambako haiwezi kumdhuru mtu. Majumbani ilizimwa kwa muda miaka sita iliyopita, ili wananchi wapumzishe akili kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ukaahirishwa, na serikali haikuona sababu ya kuwakatizia watu mapumziko yao. Simu za kwenda nje ya nchi nazo zipo. Zote hupitia kwa mhudumu mmoja hodari sana, ambaye kwa sasa yuko likizo.

Jina la nchi sitalitaja. Linatumika kwa kibali, na kibali changu kiliisha mwezi Machi.

Mimi naitwa Mbwana, Afisa wa Nyuso Daraja la Pili katika Idara ya Barua Zisizojibiwa. Naandika haya kwa sababu kuna jambo limetokea idarani kwetu, na fomu inayohusika ina mistari mitatu tu ya maelezo.

*

Cheo changu kilitokana na hotuba. Mheshimiwa Waziri wa Utulivu alikuwa akiwahutubia watumishi wote wa umma mubashara, kwa njia ya mtandao, na kila mtumishi alitakiwa asaini kwamba ametazama na ameguswa. Alipofika kwenye maneno "Ndugu watumishi, leo nasema", picha ikaganda. Mheshimiwa akabaki kinywa wazi, kidole juu, kwa saa nne. Hakuna aliyethubutu kuinuka, maana hatukujua kama ule ulikuwa mtandao au msisitizo. Ilipofika saa nane mchana tukasaini kwamba tumeguswa.

Tume ikaundwa. Fundi wetu wa mitambo, Kasiga, aliieleza tume kwamba waya mkuu ulikatwa na watu wa maji waliokuwa wakichimba mtaro nyuma ya wizara. Alikwenda na kipande cha waya mkononi. Tume ikamshukuru, ikakipokea kile kipande, halafu ikaandika kwamba mtandao ulilemewa na watumishi wanaotazama mpira, tamthilia na harusi za ndugu zao wakati wa kazi. Wiki hiyohiyo ukatoka Waraka wa Usafi wa Mtandao, kurasa arobaini na moja, ukipiga marufuku video, muziki na matumizi yote binafsi. Ulisambazwa kwa video.

Kasiga akaagizwa aweke uzio kwenye mtandao, akauweka. Uzio ukazuia kila picha inayotembea, ikiwemo bendera ya taifa inayopepea kwenye tovuti ya Mheshimiwa mwenyewe. Kwa kosa la kuisimamisha bendera Kasiga alilala rumande siku mbili, kisha akarudi kuuondoa uzio aliouweka. Akajaribu kueleza, kwa sauti ya mtu aliyetoka rumande, kwamba mashine haina akili ya kuchambua. Mtumishi anayefanya kikao cha video na mkuu wa wilaya, na mtumishi anayepiga soga na shangazi yake, kwa mashine ni kitu kimoja.

Hapo ndipo ilipoonekana akili ya Mheshimiwa. Alitamka maneno ambayo sasa yamechorwa ukutani kwenye lango la wizara: "Kwa miaka thelathini na miwili nimesoma nyaraka za serikali hii. Hakuna waraka hata mmoja ulionifanya nitabasamu. Basi mtumishi anayetabasamu mbele ya kompyuta ya umma anatazama kitu kisicho cha umma."

Hata wapinzani walikosa la kusema, wale waliokuwa bado wanaruhusiwa kusema. Mwezi uliofuata zikatangazwa nafasi za Maafisa wa Nyuso.

*

Kabla ya hapo nilikuwa mpima magunia. Barua za wananchi ambazo hazijajibiwa kwa siku kumi na nne hushushwa idarani kwetu kwa magunia, nami nilikuwa nikiyapima mlangoni. Walinichagua kwa sababu nilizoea kutazama kitu bila kutaka kujua kilichomo ndani.

Tulifundishwa wiki sita. Nikapewa kiti cha magurudumu, daftari, na kioo kidogo chenye mpini kwa ajili ya watumishi wanaokaa wameelekea ukuta. Nilijifunza maana rasmi ya uso wa kazi: macho wazi kiasi, midomo imefungwa bila kubanwa, mashavu yametulia. Uso wa namna hiyo ni salama. Kingine chochote kinaandikwa.

Mwanzoni tuliandika matabasamu tu. Kisha mwanamke mmoja wa masijala akalia siku nne mfululizo kwa sababu ya bibi harusi aliyetiliwa sumu kwenye tamthilia, yakaongezwa machozi. Baadaye zikaongezwa nyusi. Mwisho ukaja Waraka Namba Tisa, unaosema badiliko lolote la uso, na kazi ikawa nyepesi. Akipatikana na badiliko moja mtumishi anaonywa. Yakiwa mawili ndani ya mwezi mmoja, anamwaga unga.

Palikuwa na mpiga chapa wetu, mzee Shomvi. Meno yake ya mbele yalitangulia kidogo, mdomo haukufunga, na uso wake ulionekana wa furaha hata siku aliyomzika mkewe. Aliambiwa alete cheti cha daktari. Akaleta, kinasema uso ule ni wa kuzaliwa nao. Makao makuu yakajibu kwamba kuzaliwa si sababu, akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Siku ya kuondoka alitupungia mkono akionekana anatabasamu, na hilo lilinipa kazi ya ziada ya kuandika.

Lakini watu walizoea. Baada ya mwaka mmoja idara nzima ilikuwa na uso mmoja, na mtandao uliendelea kukatika kila Jumanne, siku ambayo watu wa maji huchimba.

*

Sasa nifike kwa Siwema.

Siwema alikuwa karani wa usajili, meza ya tatu kutoka dirishani. Kazi yake ni kuzipa namba barua zisizojibiwa na kuzipanga rafuni. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa. Nilipokuwa mpima magunia alikuwa akiniletea visheti kwenye kopo la maziwa ya unga, nami nilimrudishia kopo limeoshwa. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa na kinyongo naye.

Mama yake, Bi. Hidaya, aliugua moyo. Hospitali yetu ya rufaa ni kubwa na ya kisasa, imezinduliwa mara tano na siku moja itafunguliwa. Kwa hiyo Bi. Hidaya alipelekwa nchi jirani kwa gari la rufaa, ambalo lina nafasi ya mgonjwa mmoja na dereva. Siwema akaandika barua kuomba likizo na kibali cha kutoka nchini amfuate mama yake. Siku kumi na nne zikapita. Barua ikashushwa idarani kwetu ndani ya gunia, ikaangukia meza ya tatu kutoka dirishani.

Niliona kwa macho yangu. Aliitoa, akautambua mwandiko wake, akaipiga muhuri, akaipa namba 60,418, akainuka akaiweka rafuni mahali pake. Kwenye uso hakikubadilika kitu. Nilivutiwa sana, na nikaandika hivyo kwenye ripoti ya robo mwaka.

Wiki ya saba ikaja barua ya muuguzi wa huko. Alisema Bi. Hidaya atapasuliwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na kwamba mgonjwa haulizi kitu kingine isipokuwa mwanawe. Muuguzi alikuwa na simu nzuri. Jumatano, saa nne asubuhi, angeishika mbele ya kitanda ili waonane kwa video. Ijumaa, Mungu akipenda, angeishika tena.

Siwema akanijia na barua mkononi. "Kaka Mbwana," alisema, "madaktari hawajamficha kitu mama, na muuguzi hajanificha mimi. Nataka kumwona tu. Nisaidie."

Nilifikiri sana. Sheria ni sheria, na familia yangu inakula sheria hiyo. Lakini nilipousoma Waraka kwa makini nikagundua huruma ndani yake: afisa wa nyuso haruhusiwi kutazama skrini. Skrini ni siri ya ofisi. Anatazama uso tu. Uso ukibaki wa kazi, basi kilichoko kwenye skrini ni kikao cha wilaya. Nilimweleza Siwema hivyo, na moyo wangu ulijaa furaha, nikajiona mtu mwema kupita kiasi.

Nikajitolea kumfundisha mwenyewe.

*

Tulikuwa tukijifungia kwenye stoo ya barua wakati wa chakula cha mchana, yeye juu ya gunia, mimi kwenye kiti changu. Siku za mwanzo nilimsomea barua za kuchekesha za wananchi, ile ya bwana anayeiomba serikali imrudishie jogoo, na ile ya kijiji kinachoulizia daraja kililoliona kwenye kalenda. Akashinda. Nikamwigizia Mheshimiwa akiwa ameganda, kinywa wazi na kidole juu. Midomo ikamtetemeka, akajikaza kisabuni, akashinda.

Ndipo nikamwambia anisimulie habari za mama yake bila kubadilisha uso.

Hapo alishindwa siku tatu. Bi. Hidaya alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa akibana pini midomoni anapopima nguo, na akichekeshwa alicheka na pini zake mdomoni, kwa pua, na watoto wote waliokuwa wakipimwa wakacheka naye. Alimlea Siwema peke yake. Siwema aliniambia kwamba hakuweza kumficha kitu mama yule. Akidokoa sukari, mama alijua kabla hajavuka kizingiti. "Ananisoma usoni," alisema. "Hata nikiwa na homa, hakuwa ananigusa. Ananitazama tu."

Nilisikia maneno hayo vizuri. Mimi ndiye mtaalamu wa nyuso katika idara ile, na maneno hayo yalipita masikioni mwangu yakaenda zake.

Siku ya nne alinisimulia habari zote hizo, za pini, za sukari na za homa, na uso wake ukawa kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Nikampa mkono, nikampongeza.

*

Jumatatu ya wiki ile, Mkaguzi Mkuu wa Nyuso, Mheshimiwa Lutengano, alifika kutoka makao makuu kwa ukaguzi wa siku tano. Ni mtu mrefu, anatembea kwa viatu vya soli laini ili asitangulie kusikika. Siwema aliniuliza kama tuahirishe. Nikamwambia upasuaji haukuahirishwa, na kwamba kwa uso alionao hata Mheshimiwa Waziri mwenyewe angeweza kusimama pale.

Jumatano saa nne kasoro alivaa hedifoni akafungua video. Nilisogeza kiti changu hatua mbili kutoka kwake, daftari gotini. Mheshimiwa Lutengano alisimama nyuma yangu. Sikuona skrini wala sikusikia kilichosemwa upande wa pili. Niliona uso wa Siwema na kusikia majibu yake, basi.

"Nakuona," alisema. "Nakuona vizuri."

Akasikiliza.

"Sijambo. Kazi inaendelea."

Macho wazi kiasi. Mashavu yametulia.

"Hapana," alisema. "Hapana, hakuna." Halafu, "Hapana, mama, sina hasira." Halafu tena, polepole, "Sina hasira na wewe."

Neno mama halikunitia wasiwasi, kwa maana hata mkuu wa wilaya mwanamke huitwa mama. Niliandika: kikao cha wilaya, dakika kumi na moja, uso wa kazi. Video ilipozimika, Mheshimiwa Lutengano aliwaomba watumishi wote wasimamishe kazi na wageuke. Akamnyooshea Siwema mkono. "Mtazameni huyu," alisema. "Uso kama huu ndio taifa linaoutaka."

Watumishi wakapiga makofi, kwa nyuso za kazi.

Mchana nilimkuta kwenye stoo, amekaa juu ya gunia lake la siku zote. Nilikwenda nimejaa sifa. Alikuwa hatazami kitu.

"Ameniuliza amenikosea nini," alisema. "Nikamwambia hakuna. Akasema, mdomo wako unasema hakuna, uso wako unasema lipo. Halafu akaniomba radhi, kaka Mbwana. Mama yangu, na mipira puani. Ameniomba radhi mimi."

Nilimwambia kwamba kwa upande wa ufundi alifanya vizuri mno. Nilisema hivyo, sifichi. Ilikuwa sentensi pekee niliyokuwa nayo.

Alinitazama muda mrefu, na sikuweza kuusoma uso ule.

"Ijumaa nitamchekea mpaka jino la mwisho," alisema. "Wewe andika utakavyo."

"Moja ni onyo. Likifuata la pili, utamwaga unga, dada."

"Na umwagike."

*

Ijumaa alikuja amejipamba. Nywele zimesukwa upya, hereni za dhahabu ambazo, nilikuja kujua, mama yake alimvalisha siku alipomaliza shule. Mheshimiwa Lutengano, akiwa siku yake ya mwisho, alikuwa safu ya nyuma akiwamulika kwa kioo wanaokaa wameelekea ukuta.

Saa nne kasoro dakika moja Siwema alivaa hedifoni, na kabla video haijafunguka akaanza kutabasamu. Alikuwa analitayarisha, ili mama akifungua macho jambo la kwanza kuliona liwe hilo. Miaka tisa nimekaa na mwanamke yule na sikujua kwamba ana kishimo shavuni, upande mmoja tu, wa kushoto. Macho yalimjaa mwanga. Alikuwa mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukiandika.

Kalamu ilikuwa mkononi. Ningeweza kuidondosha nikainama kuitafuta hadi kikao kiishe. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, naliwaza kila siku. Viatu vya soli laini vilikuwa vinakuja, nikaandika: saa nne na dakika mbili, tabasamu, moja.

"Shikamoo dada," Siwema alisema kwenye hedifoni, bado anatabasamu. "Naomba umpe simu. Mgeuzie tu anione."

Akasikiliza.

"Hata kama hawezi kuongea. Nataka anione tu."

Akasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu. Tabasamu lilibaki pale pale, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba shughuli imevunjika. Kisha akasema, kwa sauti ya karani anayehakiki jina kabla ya kulisajili, "Hakuamka."

Machozi yakashuka, na tabasamu halikuondoka. Nadhani alisahau jinsi ya kulishusha. Yakapita juu yake, yakaingia kwenye kile kishimo, yakatiririka hadi kidevuni. Mheshimiwa Lutengano alikuwa amefika. Alimtazama, akanitazama mimi na daftari langu, akauliza badiliko hili linaandikwaje.

Ni swali la haki. Waraka unasema kila badiliko liwe na kisanduku chake, na sheria ya kufukuza inataka mabadiliko mawili tofauti. Tabasamu na machozi kwa wakati mmoja, kwenye uso mmoja, havijawahi kutokea katika utumishi wa umma. Je, ni makosa mawili, au moja linalifuta jingine? Mheshimiwa Lutengano aliamua kwamba jambo hilo ni zito, niandike barua makao makuu kuomba mwongozo, na mtumishi aendelee na kazi hadi utakapotoka. Kisha akaondoka kuwahi basi. Hakuna aliyempa Siwema pole, kwa sababu pole haitolewi bila kubadilisha uso.

*

Barua niliiandika siku ileile. Siku kumi na nne zikapita bila jibu, ikashushwa idarani kwetu kwa gunia. Siwema aliitoa, akaona jina lake kwenye kichwa cha habari, akaisoma yote mbele yangu, tabasamu moja, machozi, mtumishi tajwa. Akaipiga muhuri. Akaipa namba 60,977, akaiweka rafuni.

Yupo bado, meza ya tatu kutoka dirishani. Hajafukuzwa wala hajasamehewa, na kisheria hawezi kufanyiwa lolote kati ya hayo. Uso wake ni wa kazi, saa zote, hata kwenye foleni ya mkate, ambako hakuna afisa. Mwezi uliopita nilimpelekea visheti kwenye kopo kama lile. Alivipokea, akashukuru, akarudisha kopo limeoshwa.

Mimi nina aibu. Nimelitafuta neno la kiserikali badala ya hilo, sikulipata.

Fomu ya tabasamu lake ninayo kwenye droo, haijakamilika. Saa nimejaza, muda nimejaza, aina nimejaza. Safu ya mwisho inauliza, tabasamu lilielekezwa kwa nani, na bila kuijaza safu hiyo faili halifungwi. Kila asubuhi naitoa fomu, nashika kalamu, nairudisha. Siwezi kuandika jina la Bi. Hidaya, kwa sababu hakuliona. Nilikuwa nimekaa hatua mbili mbele ya Siwema. Katika dunia nzima mimi ndiye niliyeliona kwanza, na halikuwa langu.